Steshenari ya Chikongola iliyoandika miaka yangu 24 ya kazi katika kurasa mbili

Duka ninaloliandikia maoni haya liko Chikongola, Mtwara mjini, mtaa wa pili ukitoka barabara ya lami, na juu ya mlango wake hakuna jina la mwenye mali bali kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi ya buluu: Steshenari, Kuchapa, Kopi. Kwa miaka kadhaa nimeingia humo kununua madaftari ya watoto na kutoa kopi za kitambulisho bila kujua kwamba nyuma ya kaunta ipo huduma nyingine ya maana zaidi. Mwezi Julai mwaka huu nilikwenda kuandikiwa wasifu wa kazi, ule ambao vijana huuita sivii, pamoja na barua ya kuomba nafasi ya mtunza stoo katika kiwanda cha kubangua korosho. Nililipa shilingi 12,000 kwa vyote viwili, nikakaa pale karibu saa tatu, na nikatoka na kurasa mbili ambazo nimezisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea.

Nina umri wa miaka 47 na sijawahi kuwa na kazi moja ya kudumu. Nimebangua korosho, nimekatisha tiketi za mabasi, nimewapikia vibarua, nimepima magunia ghalani, nimekaa mapokezi ya nyumba ya wageni na nimekuwa wakala wa fedha za simu. Kwa mtu mwenye historia ya namna hii, kuandikiwa wasifu ni jambo la kutia hofu, kwa sababu karatasi inakutaka ueleze kwa nini hukutulia. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwa kijana mmoja mwenye kompyuta, sehemu nyingine kabisa, akafungua wasifu wa mtu mwingine, akafuta jina na kuandika langu, akanitoza shilingi 5,000 na kunikabidhi. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba nimeandikwa kuwa nina leseni ya udereva na kwamba ninazungumza Kifaransa. Sikuipeleka karatasi ile popote.

Mwenye duka la Chikongola ni katibu muhtasi mstaafu, mama wa makamo aliyekwisha kupita hapo kidogo, ambaye alianza kazi enzi za taipureta na bado huketi wima kama mtu anayesubiri kusomewa imla. Mashine zote huendeshwa na kijana wake mmoja, mwepesi na mwenye adabu. Nilimwamkia mama shikamoo, nikamweleza shida yangu, naye hakumwambia kijana afungue kompyuta. Alivuta daftari la mistari, akachukua kalamu na kuniambia, "Mwanangu, acha kunitajia vyeo. Niambie ile kazi ya kwanza, ukifika asubuhi ulikuwa unashika nini mkononi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike maoni haya. Aliliuliza kwa kila kazi, moja baada ya nyingine, na kila mara jibu lilikuwa refu kuliko nilivyotarajia.

Mwaka 2001, nilipotoka Newala kuja mjini, nilishika korosho. Asiyejua kazi ile hudhani ni kupasua ganda tu. Korosho huchemshwa kwanza kwa mvuke ili ganda lilegee, hupozwa, kisha hukatwa moja moja kwenye kimashine kinachosukumwa kwa mguu na kuvutwa kwa mkono, na mwenzako anayekaa upande wa pili huchokonoa kokwa kwa ncha ya kisu. Baada ya hapo kokwa hukaushwa, humenywa ngozi yake nyembamba ya ndani, halafu huchambuliwa kwa madaraja. Ganda lina mafuta meusi yanayounguza ngozi, na sisi wanawake tulijipaka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kuanza, lakini hayakuzuia yote. Vidole vyangu vya mkono wa kushoto bado vina weusi kwenye mikunjo, na mama yule aliviona kabla sijamweleza. Alinishika mkono, akaugeuza, kisha akauliza, "Ulikuwa unachambua daraja gani?" Nikamjibu kwamba nilikuwa meza ya kokwa nzima nyeupe, nikitenganisha zile zinazoitwa 320, yaani zile ambazo ratili moja huchukua kokwa zipatazo 300 hadi 320, na kwamba tulilipwa kwa kilo na kukatwa kwa vipande vilivyovunjika. Aliandika yote hayo. Katika wasifu wangu sasa ipo sentensi inayosema kwamba nina uzoefu wa kuchambua kokwa za korosho kwa madaraja ya soko na kutunza hesabu ya uzalishaji wa kila siku. Miaka yote nilikuwa nikisema tu kwamba "nilibangua."

Kazi ya tiketi tuliipitia haraka, nami nitaipitia haraka hapa, isipokuwa kwa jambo moja linalonihusu mimi mwenyewe. Baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 na watu kuondokana na adha ya kivuko cha Rufiji, safari za Dar es Salaam ziliongezeka, na mawakala wa mabasi wakahitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kurudisha chenji bila kukosea. Nilikaa kwa wakala mmoja miaka minne. Tulipokosana juu ya siku nilizokatwa malipo sikuandika barua wala kutoa taarifa. Niliacha tu kwenda. Niliona wakati ule kwamba nimemkomoa. Mama aliponiuliza nani anaweza kunishuhudia kwa miaka ile minne, sikuwa na mtu wa kumtaja, na nilijisikia vibaya sana mbele ya daftari lile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, sawa na mwajiri wake, kutoa notisi isiyopungua siku 28, na inamtaka mwajiri ampe hati ya utumishi mfanyakazi anayeondoka. Niliyajua hayo kwa kuyasikia redioni baada ya muda mrefu kupita. Kama ningetoa notisi, leo ningekuwa na haki ya kudai hati ile bila aibu.

Hapa duka lilinifanyia jambo ambalo sikuliomba. Mama aliniandikia barua fupi mbili za kuomba hati ya utumishi, moja kwa wakala yule na nyingine kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa maneno ya heshima na bila lawama, akitaja tarehe na kazi niliyofanya. Alinitoza shilingi 1,000 kwa kila barua. Ya nyumba ya wageni ilijibiwa ndani ya wiki moja. Ile nyingine haijajibiwa hadi leo, na sishangai.

Tulipofika mwaka 2013 nilimwambia aruke. Miaka miwili ile, mabomba ya gesi yalipokuwa yakilazwa kutoka Mtwara kuelekea Dar es Salaam, nilikuwa mama lishe wa vibarua pembezoni mwa barabara ya Lindi, chini ya turubai, na sikuona kwamba jiko la kuni ni jambo la kupeleka kwa mwajiri. Mama aliweka kalamu chini. "Ulikuwa unalisha watu wangapi?" Nikasema, "Sitini, siku nyingine na zaidi." "Walikuwa wanalipa kila siku?" Nikasema hapana, walikula kwa mkopo na kulipa wakipata posho, nami nilikuwa na daftari lenye jina la kila mmoja, sahani alizokula na deni lake. "Na mchele ulikuwa unajuaje utatosha?" Nikamweleza kwamba kilo moja ya mchele hutosha vibarua sita wenye njaa, kwamba maharage huyapima jana yake kwa sababu ya kuyaloweka, na kwamba unga wa akiba haukutakiwa kushuka chini ya gunia moja kwa kuwa gari la kwenda mjini halikuwa la uhakika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Hiyo ndiyo stoo unayoiombea kazi, mwanangu. Ulikuwa unaitunza chini ya turubai."

Sikuweza kusema kitu kwa dakika kadhaa. Kijana alijishughulisha na mashine ya kopi ili asinitazame, jambo ambalo nalishukuru.

Ghala ndilo lililojaza ukurasa wa pili. Nilikuwa karani wa msimu kuanzia 2015, na kwa wanaosoma kutoka mikoa isiyo na korosho niseme kwamba tangu msimu wa 2007/2008 mkoa wetu huuza korosho ghafi kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa, unapelekwa ghala kuu, na huuzwa kwa mnada ukiwa huko huko. Karani akikosea kilo, kosa lile hutembea na mkulima mpaka benki. Nilijifunza kusoma mizani kabla gunia halijatulia na kuisoma tena lilipotulia, nikajifunza kuingiza mkono katikati ya gunia la kilo 80 kutafuta unyevu ambao juu hauonekani, na nikajifunza kumwambia mzee wa umri wa baba yangu kwamba mzigo wake unarudi kuanikwa, huku nikimwamkia na kumpa kiti. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaingia kuzisomba, taratibu tulizozizoea zilibadilika katikati ya msimu, na ilibidi tujifunze upya fomu, saini na foleni za magari. Mama aliniuliza nilifanya nini siku zile. Nilikuwa nimewafundisha makarani wapya watatu kujaza fomu zile, jambo ambalo nilikwishalisahau. Nalo likaandikwa.

Watu wengi wanaohama kazi mara kwa mara hujitetea kwa kusema kwamba wanatafuta maslahi, nami nimesema hivyo mara nyingi. Nilipoyatazama majibu yangu yote yakiwa kwenye daftari moja, niliona kwamba karibu kila nilikohamia nilichukuliwa kwa sababu ya kitu kilekile: naweza kuhesabu vitu vya watu wengine na kuvirudisha vikiwa kamili. Meza ya kokwa, tiketi, sahani za mkopo, magunia, funguo za vyumba vya wageni Mikindani, fedha za simu, vyote ni hesabu za mali isiyo yangu. Sikuhama kutoka kazi hadi kazi kama nilivyozoea kuamini. Nilikuwa nikiifanya kazi moja katika majengo tofauti, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali la kunionyesha hivyo, wala mimi sikujiuliza.

Kuna pengo katika wasifu wangu. Kati ya mwaka 2011 na 2012 nilirudi Newala kumuuguza mama yangu mpaka alipofariki. Nilimwomba mwenye duka arefushe tarehe za kazi iliyotangulia ili pengo lisionekane, kwa kuwa nilisikia wengi hufanya hivyo. Alikataa katakata. Aliandika kwa mstari mmoja: nilikuwa nikihudumia mgonjwa katika familia. Aliniambia kwamba mwajiri akiuliza nitaweza kujibu nikiwa nimemtazama machoni, lakini tarehe za uongo nitalazimika kuzikumbuka kila siku. Wateja wanaotaka kuongezewa vyeti au miaka wasiende duka hili. Watapoteza muda wao.

Uaminifu wake niliuona mahali pengine pia. Nilitaka pia wanifungulie akaunti kwenye mfumo wa maombi ya ajira serikalini, huduma wanayoitoza shilingi 5,000. Kijana alikuwa tayari ameanza kuniuliza namba ya NIDA. Mama aliuliza mwaka wangu wa kuzaliwa, akamsimamisha, na kunieleza kwamba matangazo yale kwa kawaida humtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, hivyo fedha yangu ingepotea bure. Alimpa mteja aliyekuwa nyuma yangu, binti aliyemaliza chuo, ushauri wa bure palepale: asipeleke karatasi ya matokeo badala ya cheti chenyewe kwa sababu haitakubaliwa, na awaombe ruhusa wadhamini wake watatu kabla ya kuandika namba zao za simu. Ninajua maduka ambayo yangechukua fedha zetu sote wawili.

Yapo mapungufu, na wenye duka wakiyasoma haya ningependa wayafanyie kazi. Umeme ulikatika tulipokuwa katikati ya ukurasa wa kwanza, na kwa kuwa hawana jenereta wala betri ya akiba tulikaa karibu saa nzima. Nilinunua ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, ya shilingi 500 kwa mama aliyekuwa amekaa na beseni lake barazani, tukala wote watatu tukisubiri. Kazi haikupotea kwa sababu ilikuwa kwenye daftari, lakini mteja mwenye haraka asingeridhika. Bei hazijabandikwa ukutani, nami nililazimika kuuliza kila hatua. Jambo zito zaidi ni kwamba hakuna hata pazia kati ya kaunta na mahali pa mahojiano. Nilimweleza mama habari za ugonjwa wa mama yangu huku mtu akisubiri kopi umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu. Kitambaa cha kanga na misumari miwili vingetosha.

Pia niliona picha za vitambulisho na vyeti vya wateja wengine zikiwa wazi kwenye uso wa kompyuta. Nilipomwomba kijana afute vyangu baada ya kuvihifadhi kwenye flashi yangu, alivifuta mbele ya macho yangu na kunionyesha kwamba havipo tena, lakini hilo lilipaswa kufanyika bila mteja kuomba. Na kuhusu Kiingereza, kwa kuwa wanatoa pia wasifu wa lugha hiyo kwa nyongeza ya shilingi 5,000, nilisoma ule waliomwandikia mwanangu na kukuta makosa mawili ya tahajia. Kiswahili chao ni safi na cha kupigiwa mfano, ila Kiingereza mpe mtu mwingine akipitie kabla hujakituma.

Mwenye simu nzuri anaweza kujiandikia wasifu bila malipo kwa programu za mtandaoni, na kwa kijana aliyetoka chuo na kufanya kazi moja sioni sababu ya kumzuia. Programu ile hukupa visanduku vya kujaza: cheo, mwajiri, tarehe. Mama lishe hana cha kuandika kwenye kisanduku cha mwajiri. Kwa watu wa aina yangu, na tuko wengi kuanzia Kilwa mpaka Tandahimba, watu wa msimu, wa kibarua, wa kusaidia duka la shangazi miaka mitatu bila mkataba, anahitajika mtu wa kukaa mbele yako na kukuuliza ulishika nini mkononi. Shilingi 12,000 si fedha ndogo kwa asiye na kazi. Nililipa kutoka kwenye akiba ya ada, na ningeilipa tena.

Anayekwenda aende asubuhi kabla ya saa nne, asiende mwezi Januari ambapo duka hujaa wazazi wa wanafunzi, na abebe chochote chenye tarehe: mkataba wa zamani, hati za malipo, taarifa ya michango ya NSSF, hata daftari la madeni. Mimi taarifa ya NSSF ndiyo iliyonikumbusha mwaka hasa nilioingia nyumba ya wageni, kwa sababu nilikuwa nimeukosea kwa mwaka mzima.

Niliitwa kwenye usaili mwezi Agosti. Walikuwa watatu mezani, na yule wa katikati aliupitia wasifu wangu polepole kwa kidole mpaka kidole kikasimama kwenye mstari wa mama lishe. Nilijikaza. Aliniuliza, "Watu sitini, mchele kilo ngapi?" Nikamjibu kilo kumi, na kumi na moja ikiwa ni siku ya kumwaga zege. Akatikisa kichwa, akawatazama wenzake, kisha akaniuliza naweza kuanza lini.

Nilipopita dukani kuwapa taarifa, mama hakunipongeza kwanza. Alilivuta lile daftari la mistari, akalifungua kwenye ukurasa wangu, na kuniuliza tarehe niliyoanza.